Kutwa Mara Mbili

Wengine hustaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kwa mgongo. Daktari aliyeitazama picha ya uti wangu alisema barabara zote za Nachingwea na Ruangwa zimo mle ndani, pamoja na mashimo yake, na kwamba nikipanda tena pikipiki kwa kazi nisirudi kumlalamikia. Kwa hiyo niko barazani, hamsini sijaigusa, nasikiliza pikipiki za watu zikipita na kuzitambua kwa mlio. Ninyi mlioachiwa kazi yangu mmeniomba niwaandikie. Mshahara mnaujua. Vyeo sikupata, kwa hiyo havitachukua nafasi.

Kazi yangu ilikuwa kubeba dawa za kifafa kwenda zahanati za vijijini na kurudi na damu. Niliipata kwa sababu ya miguu yangu isiyotulia. Baada ya kidato cha nne nilikwenda Tunduru kutafuta mawe, nikarudi na malaria. Nikapakia ufuta kwenye malori, nikaendesha bodaboda, nikaonja Mtwara nikaiacha. Marehemu mama alikuwa akisema kitovu changu kilizikwa chini ya gurudumu. Kliniki ya kifafa ya Nachingwea ilipotangaza kwamba inamtaka mtu wa kuzunguka kila siku, hata sikusikiliza waliyosema baada ya neno kuzunguka.

Siku ya kwanza nilipokewa na Sista Zainabu, muuguzi mkuu wa kliniki, mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alinikabidhi kisanduku cha baridi, vibarafu vyake, taulo kuukuu na bunda la plasta nyeupe. Nikamuuliza taulo la nini. Akasema la damu. Barafu haitakiwi kuigusa damu, ikiigusa inaiharibu, kwa hiyo chupa zinavikwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Plasta ni ya kubandika kwenye chupa: jina, saa ya kutoa damu, na saa ambayo mgonjwa alimeza kidonge cha mwisho.

"Saa zote mbili, mwanangu," alisema. "Damu bila saa ni maji mekundu."

Nililishika kama shairi la shule, bila kulielewa. Nilifikiri dawa ikiingia mwilini inakaa, kama rangi kwenye ukuta. Sista akanipeleka nyuma ya kliniki, kwenye mtungi wa wafanyakazi. Ulikuwa mtungi wa udongo, umetoa jasho pembeni. Akasema mwili ni huo. Unaujaza, nao unatoa jasho saa zote, hata kama hakuna anayekunywa. Ukiujaza kwa wakati wake, kata inachota. Ukichelewa, kata inakwangua chini, na hapo ndipo kifafa kinapopata mlango. Ukijaza mno unamwagika: mgonjwa anayumba, anaona vitu viwili viwili, anaongea kama mtu aliyelewa ulabu.

Tena mtungi wenyewe haukai ulivyo. Hilo lilinichukua miaka kulijua. Palikuwa na binti mmoja Nanganga aliyekaa miaka bila kuanguka, ghafla akaanza kuanguka shuleni. Walimu walisema ni mitihani. Kumbe binti alikuwa amerefuka kama bua la mtama na kidonge kimebaki kilekile cha udogoni. Mama mmoja alianza kuanguka tena akiwa na mimba, kwa sababu mimba huufanya mwili uitumie dawa upesi. Mzee mwingine alipewa dawa za kifua kikuu, zile nyekundu, zikawa zinaifukuza dawa yake ya kifafa kama kuku kwenye uwanja wa ufuta. Wote hawa walikuwa wanameza vizuri. Dawa ni ileile, mtu ni yuleyule, na bado damu imebadilika. Kwa hiyo mkisikia mtu ameanguka, msianze na kumwambia hamezi.

Jambo jingine la mwanzo. Mtu anayekuja kijijini na pikipiki akaondoka na damu za watu kwenye kisanduku, huku kwetu ana jina moja tu: mumiani. Miezi ya kwanza watoto walikimbilia kwenye mihogo wakisikia honi yangu. Baadaye hofu ikaisha, jina likabaki. Lionja kuna watu hawajui naitwa nani zaidi ya Mumiani. Nimewahi kualikwa harusi kwa jina hilo, na nikapewa pilau nyingi kuliko wageni wenye majina yao.

Sasa nifike kwa Somoe, maana habari zake ndizo hasa nilizotaka ziwafikie. Ameniruhusu.

Somoe wa Lionja ana kifafa tangu utoto. Aliolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake, Bi Fatu, na mtoto wa kike aitwaye Tatu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Msimu mmoja wa kupanda, Somoe aliamka alfajiri kama kawaida, akambeba Tatu mgongoni, akainama kuwasha moto. Kifafa kikamkuta hapohapo jikoni. Bi Fatu aliwavuta. Mkono wa Somoe uliungua hadi kwenye kiwiko. Tatu hakuungua hata unywele.

Kwetu, juu ya watoto wa dada, neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba Bakari, kaka yake Bi Fatu, alikuja kutoka Malolo akamchukua Tatu akalelewe na mkewe. Hakuwa mkatili. Bi Fatu aliniambia alimfunga mtoto kifuani huku machozi yanamtoka. Aliacha sharti: Somoe akikaa bila kuanguka mpaka korosho zianze kudondoka, atamrudisha mtoto kwa mikono yake. Na tangu siku hiyo Somoe hakuruhusiwa kukaribia moto. Mwanamke mzima akawa analetewa uji kama mgonjwa wa jana.

Njia zangu zilipita Malolo na Lionja, kwa hiyo nikawa mbeba salamu. Nikifika Lionja, kabla sijavua kofia, Somoe anauliza.

"Kaka, umemuona?"

Namwambia ameota jino la pembeni. Namwambia anamwita mbuzi wa jirani kwa jina la mjomba wake. Anacheka, kisha anakwenda nyuma ya nyumba, na mimi na mama yake tunajifanya tunazungumza habari za mvua.

Lakini alianguka tena, na tena, kila mara alfajiri. Daktari wetu, Dokta Neema, alimwongezea dawa yake, kabamazepini, kutoka kidonge kimoja mara mbili kwa siku hadi kimoja na nusu. Somoe akaanza kuyumba mchana. Siku moja nilisimamisha pikipiki uwanjani kwao, akanitazama sana, akasema, "Leo mmekuja wawili. Yupi ana habari za Tatu?" Nikamjibu wote tunazo. Tulicheka, ila njiani sikucheka. Mchana mtungi unamwagika, alfajiri kata inakwangua. Inawezekanaje kwa mtungi mmoja?

Pale kliniki palikuwa na wasiwasi kwamba pengine Bi Fatu, ambaye ndiye mtunza dawa, anasahau. Dokta Neema hakutaka kumshuku mtu bila ushahidi. Somoe akaletwa Nachingwea, akatolewa damu kabla ya adhuhuri, mafundi wa maabara wakaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya juu yakajitenga, tukayasafirisha Dar es Salaam, maana kipimo cha kiasi cha dawa kwenye damu hakiko kwetu. Majibu yalirudi yakisema dawa imo, tena imejaa. Bi Fatu alipoambiwa, alifunga vizuri mtandio wake.

"Kwa hiyo mimi si mwongo," alisema. "Na mwanangu anaanguka. Sasa niambieni."



Ramadhani ikafika, na mvua. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na Dokta Neema alimsihi asifunge. Somoe alisema amenyang'anywa mtoto, amenyang'anywa moto, Ramadhani haachi. Daktari akaona bora afunge kwa mpango kuliko afunge kwa siri, akamwandikia: dawa ya kwanza wakati wa futari, ya pili wakati wa daku. Kisha akaniagiza nipite Lionja kila ninapoweza, hata kama sina dawa za kupeleka. Sote tulingoja mabaya. Njaa, usingizi wa vipande, ni mambo ambayo kifafa kinayapenda.

Nikapita. Udongo mwekundu umeganda kwenye magurudumu mpaka naendesha kama nimepanda ng'ombe. Hajaanguka. Nikapita tena. Hajaanguka, na hayumbi, ananiona mmoja tu. Mwezi ukaisha hajaanguka hata mara moja. Kijiji kizima kilisema ni baraka za mwezi mtukufu, na mimi sikuwa na sababu ya kupinga. Somoe alishona nguo ya Idi ya Tatu.

Idi ikapita. Hazikupita siku nyingi, akaanguka alfajiri mlangoni, akapasuka nyusi. Mjomba Bakari akatuma salamu kwamba amesikitika. Maana yake tuliijua: hesabu ya sharti inaanza upya.

Nilirudi kliniki nikiwa na tope hadi magotini nikawaeleza Dokta Neema na Sista Zainabu. Daktari aligongesha kalamu mezani. Akasema baraka anaiamini, ila anataka kujua baraka hiyo ilipitia wapi kuingia kwenye damu. Kitu gani kilikuwapo mwezi ule na sasa hakipo? Chakula? Usingizi? Saa? Tumeshamuuliza Bi Fatu mara ngapi anampa dawa saa ngapi, na kila mara anajibu kama ilivyoandikwa.

Sista Zainabu, ambaye alikuwa anakunja mashuka na alikuwa karibu kustaafu, akasema bila kugeuka, "Msimuulize tena. Mwombeni awaonyeshe."

Hicho, vijana, ndicho chombo bora kuliko kisanduku. Ukimuuliza mtu, anakurudishia maneno yako mwenyewe. Ukimwomba akuonyeshe, unaona mikono yake.

Nilifika Lionja asubuhi, jua limeshatoka. Shikamoo, marahaba, uji wa mihogo. Nikamwambia Bi Fatu leo mimi ni mwanafunzi, anionyeshe siku nzima anavyotunza dawa. Alifurahi. Somoe alikwisha kumeza cha kwanza, akasema, jua lilipotokeza juu ya mikorosho. Basi tukakaa. Tukamenya mihogo, tukala, tukasali adhuhuri. Baada ya sala ya alasiri, jua bado kali, akanawa mikono, akashusha kopo la dawa kutoka darini, akamwita Somoe, akampa kidonge kimoja na nusu na maji, akasubiri ameze, akamwambia afumbue kinywa. Kisha akalifunga kopo na kulipandisha darini.

"Tumemaliza," alisema.

Nikamwambia, mama, bado mapema mno. Ya pili ni ya jioni, mtu anapokwenda kulala.

Akanitazama kama mtu aliyemkuta mwanafunzi wake hajui kusoma. Akateremsha tena kopo, akatoa ile bahasha ndogo ya dawa, akaniwekea mkononi. "Soma."

Nikasoma: kutwa mara mbili.

"Kutwa ni nini?"

Nikasema kutwa ni siku.

"Siku ni siku. Kutwa ni kutwa. Jua linatoka, jua linazama, basi. Shule ya kutwa watoto wanalala hukohuko?"

Nikasema hawalali, wanarudi nyumbani.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya usiku."

"Haya. Kidonge nacho nikimpa usiku, si kitakuwa nje ya kutwa?" Akaikunja bahasha polepole. "Mimi Kiswahili nimekijifunza ukubwani, sokoni, kwetu ni Kimwera. Kwa hiyo nakisikiliza. Ninyi mliokua nacho mnakisema tu."

Nilikaa chini. Miaka yote tumekuwa tukiandika kutwa mara mbili, kutwa mara tatu, na watu wengi wanameza asubuhi na wakati wa kulala kwa sababu hawasikilizi maneno, wanafuata mazoea. Tulikuwa na mgonjwa mmoja ambaye mama yake alitutii neno kwa neno. Vidonge vyote viwili ndani ya jua, karibukaribu, mchana unamwagika. Kisha toka alasiri mpaka jua la kesho hakuna anayetia maji kwenye mtungi, na Somoe anaamka alfajiri, mapema kuliko kidonge chake. Ramadhani ikaja, mchana ukafungwa, dawa ikahamia futari na daku, alfajiri ikaukuta mtungi umejaa. Baraka ilikuwa imepitia hapo.

Mtandao Lionja wakati huo ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya msikiti. Nilipanda nikampigia Dokta Neema nikamweleza yote, hata shule ya kutwa.  Nikasikia anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, akasema, "Mwambie mama nakuja, na nitamwamkia mara mbili."

Alikuja kweli. Alitaka damu itolewe kabla ya kubadilisha chochote, kwa hiyo tulilala Lionja, na kulipopambazuka, kabla ya kidonge, muuguzi wa zahanati akamtoa Somoe damu. Nikaandika plasta kwa mkono wangu: saa ya damu alfajiri, saa ya kidonge cha mwisho alasiri ya jana. Ndipo nilipoelewa maneno ya Sista ya siku ya kwanza. Ile damu ya mwanzo ilitolewa mtungi umetoka kujazwa. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya mchana.

Majirani walikusanyika uani, kwa sababu kumtoa mtu damu jua halijatoka si jambo dogo. Mmoja akasema ndiyo maana anaitwa mumiani. Bi Fatu akamjibu, "Mumiani gani anamaliza uji wangu wote? Huyu anakula vya watu wazima." Yakaisha kwa kicheko.

Majibu yalipokuja yalisema alfajiri dawa ilikuwa chini sana. Lakini Dokta Neema hakuyangoja. Siku ileile alirudisha kiasi kwenye kidonge kimoja kimoja, akakaa na Bi Fatu kutafuta neno. Waliacha kutwa. Waliacha saa pia, maana nyumba haikuwa na saa. Wakakubaliana: baada ya sala ya alfajiri, moto haujawashwa, na baada ya sala ya isha, mtu anapokwenda kulala. Na kliniki nzima ikaanza kuandika kwenye bahasha: ukiamka, ukilala. Mkiona mgeni ameandika kutwa, msimcheke, mpelekeni Lionja.

Somoe aliacha kuyumba, na alfajiri zikapita. Ufuta ukavunwa, hajaanguka. Mikorosho ikapulizwa dawa, ikatoa maua, ile harufu yake ikajaa barabarani mpaka ndani ya kofia yangu, hajaanguka. Sikuthubutu kusema kwa sauti. Nilikuwa namuuliza habari za mama yake, za kuku, za kisima, na yeye ananijibu lile ambalo sikuuliza: "Bado, kaka. Nimesimama."

Korosho za kwanza zilipodondoka nilikuwa Malolo. Mjomba Bakari alinisimamisha barabarani, ameshavaa kanzu, Tatu mgongoni mwake kwa khanga ya mkewe. Akasema anakwenda Lionja na gari halijapita. Pikipiki ile ilikuwa na sharti kwamba haibebi abiria. Naamini waliotunga sharti hilo hawakuwa na mjomba. Nilikwenda polepole kuliko siku zote za maisha yangu, nikiyakwepa hata mashimo ambayo si mashimo.

Tulifika jua linazama. Tatu hakumjua mama yake. Alijificha kwenye kanzu ya mjomba, na Somoe hakumvuta. Alikaa chini mkekani, akaanza kubangua korosho mbichi, moja baada ya moja, bila kumtazama. Mpaka tunakwenda kulala, Tatu alikuwa amekaa kwenye paja lake akizipanga.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa vijiti vinavyovunjwa. Nikatoka. Somoe alikuwa amesali, amekwisha kumeza kidonge chake, na alikuwa amemfunga Tatu mgongoni. Bi Fatu alisimama upande mmoja wa jiko, Mjomba Bakari upande wa pili, wote wametanua mikono kama wadaka mpira. Somoe aliinama. Akapuliza. Moshi ukampiga usoni, akapuliza tena, moto ukashika. Akainuka, akabandika sufuria, akaanza kukoroga uji kwa ule mkono wenye kovu. Tatu alikuwa amelala.

Uji ukachemka. Ndipo mjomba akashusha mikono.

"Haya," alisema. "Mtoto abaki. Lakini leo siondoki. Nitakaa hapa kutwa, niwaangalie."

Bi Fatu akamgeukia taratibu. "Kutwa ya kwetu, kaka, au kutwa ya hospitali?"

Somoe alicheka mpaka akaegemea nguzo, na Tatu akatikisika mgongoni kwa kicheko cha mama yake bila kuamka. Nami nilicheka mpaka mgongo, huu huu, ukaniuma. Mjomba Bakari, ambaye hakuelewa, alisubiri tumalize. Kisha akavuta kigoda karibu na moto, akamwomba mpwa wake uji.